Gitaa Lililokatwa kwa Kipimo cha Mtu Mmoja

Wanangu, sogeeni. Leo nawasimulia jinsi ala ya muziki inavyotengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja tu, mwenye vidole vyake, mabega yake, na sauti anayoisikia kichwani kabla haijasikika popote. Nimechagua gitaa ambalo karibu kila kipande chake kina asili inayojulikana. Waliolitengeneza hawakuwa mafundi wa magitaa. Walikuwa baba na mwanawe.

Mwaka 1963, katika kitongoji cha Feltham magharibi mwa London, aliishi kijana wa miaka 16 jina lake Brian May. Gitaa la kawaida, lile lisilotumia umeme, alikuwa nalo tangu siku aliyotimiza miaka 7. Sasa alitaka la umeme. Madukani yalikuwepo magitaa ya Kimarekani, Fender na Gibson, mazuri ajabu, lakini bei yake haikushikika kwa familia ile. Baba yake, mzee Harold, alikuwa mhandisi wa elektroniki, mtu wa kujitengenezea vitu. Hata runinga ya nyumbani kwao aliiunda mwenyewe. Basi baba na mwana wakakubaliana kwamba gitaa nalo watalitengeneza. Agosti mwaka huo chumba cha ziada kikageuzwa karakana, na kazi ikaanza.

Tulieni hapa kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha ufundi huu. Ungedhani walianza kwa kutafuta mbao. Walianza kwa kuuliza. Gitaa hili lifanye nini ambacho la dukani halifanyi? Nguo ya dukani imekatwa kwa ajili ya yeyote atakayeingia akiwa na hela. Fundi cherehani anakuvua koti, anakuzungushia futi kifuani, anakuuliza unakwenda harusini au shambani, ndipo anashika mkasi. Fundi wa ala naye hufanya hivyo hivyo, na hapa fundi na mteja walikuwa mtu yule yule.

Majibu ya Brian yalikuwa wazi. Kwanza, alitaka shingo pana na nene ya kujaa kiganja. Pili, alitaka kuweza kuzitikisa noti kwa mkono, zipande na kushuka kwa kutetema, kisha zirudi pale pale zilipokuwa bila gitaa kuharibika tuni. Na tatu, alitaka gitaa liweze kuimba lenyewe. Hilo la tatu nitalieleza tukifika kwenye kiwiliwili.

Tuanze na shingo. Nchi za baridi, kwenye nyumba za zamani, sebuleni huwa na mahali pa kuotea moto, na juu yake hujengwa rafu nzito ya mbao. Rafiki wa familia alikuwa na rafu ya namna hiyo, ya mahogani, yenye umri unaokaribia miaka 100, nayo ilikuwa inatupwa. Brian akaichukua. Mbao iliyokaa miongo mingi karibu na moto imekwisha kukauka, haitapinda tena wala kunywea, na mahogani ni mti ulio imara bila kuwa mgumu mno kuchonga. Kwa shingo ya gitaa usingepata bora zaidi, hata kama ungekuwa na fedha.

Ila ilikuwa na kasoro. Wadudu walikuwa wameibungua. Mna habari za bungua nyinyi, mmeona unga unavyodondoka kutoka kwenye mguu wa kiti. Mtu mwingine angeitupa mbao ile kwa mara ya pili. Brian alichukua njiti za kiberiti, akazipaka gundi, akaziba matundu nazo, akakata zilipozidi, akapiga msasa. Njiti hizo zimo ndani ya shingo mpaka leo.

Kisha akachonga. Hawakuwa na mashine kubwa. Kazi nzima waliifanya kwa zana za mkono. Msijidanganye kwamba hii ni kazi ya mchana mmoja. Shingo ya gitaa ni nusu duara kwa nyuma na karibu bapa kwa mbele, na upana wake unabadilika kidogo kidogo kutoka mwanzo hadi mwisho. Unaondoa mbao kidogo, unaweka patasi chini, unaishika shingo kwa mkono wa kushoto kama unapiga, unahisi panapobana kidole gumba, unaondoa tena kidogo. Mbao uliyoondoa hairudi. Wengi huendelea kuchonga mpaka shingo inakuwa nyembamba kama za dukani. Brian aliacha mapema, pale mkono wake uliporidhika, ndiyo maana wapigaji wengine waliowahi kulishika gitaa hili hushangaa unene wake. Wao hawakupimwa.

Mbele ya shingo iligundishwa bapa la mwaloni lililopakwa rangi nyeusi, na juu yake zikapangwa freti. Freti ni vile vijiti vya chuma vinavyoikatiza shingo. Ukiubana uzi nyuma ya freti unaufupisha, na uzi mfupi hutoa sauti ya juu zaidi. Magitaa mengi ya wakati ule yalikuwa na freti 21 au 22. Brian aliweka 24, ili kila uzi umpe oktava mbili kamili. Tena urefu wa nyuzi, kutoka mwanzo wa shingo hadi kwenye daraja linalozibeba kwenye kiwiliwili, aliufanya kuwa inchi 24, yaani sentimita 61 hivi, wakati Fender maarufu ya wakati huo ina inchi 25 na nusu. Tofauti ya inchi moja na nusu ni kubwa kwa kidole. Uzi mfupi haukazwi sana kufikia noti ile ile, kwa hiyo unapousukuma pembeni unatii upesi.

Na zile alama nyeupe zinazomwonyesha mpigaji yuko freti ya ngapi? Ni vifungo vya nguo, vya gamba la chaza, kutoka kwenye kikapu cha ushonaji cha mama yake, Bi Ruth.

Sasa kiwiliwili. Katikati yake kuna mti wa mwaloni kutoka kwenye meza kuukuu, mgumu kweli kweli, kwa sababu hapo ndipo shingo inapofungwa na hapo ndipo mvuto wa nyuzi unapoishia. Nyuzi sita zilizokazwa zinavuta kwa nguvu ya makumi ya kilo, mchana na usiku, hata gitaa likiwa limelala kwenye kasha. Pembeni palitengenezwa kwa mbao za kuungaunga, juu na chini pakafunikwa ganda jembamba la mahogani. Ukingo wa mwili, uliohitaji utepe wa kuficha maungio, ulipata utepe mweupe wa plastiki wa kubandikwa kwenye kingo za rafu za kabati. Rangi ya mahogani chini ya vanishi ilitoka nyekundu ya kahawia, na ndipo gitaa likaitwa Red Special.

Ndani waliacha vyumba vitupu, na hapa narudi kwenye lile ombi la tatu. Gitaa la umeme linapeleka sauti yake kwenye amplifaya, na spika inaitoa ikiwa kubwa. Sauti hiyo inasafiri hewani, inaufikia mwili wa gitaa, inautikisa. Mwili ukitikisika, nyuzi nazo zinatikisika tena, zinapeleka sauti nyingine kwenye spika, na mzunguko unaendelea wenyewe bila mpigaji kugusa kitu. Kwa kawaida mafundi wa sauti huuogopa mzunguko huu; ndio unaotoa ule mlio mkali kipaza sauti kinaposogezwa karibu na spika msikitini, kanisani au kwenye mkutano wa hadhara. Brian alitaka kuufuga. Mwili ulio mtupu kwa ndani hutikiswa kwa urahisi kuliko gogo lililoshiba, lakini ukiwa mtupu kupita kiasi mlio unakushinda nguvu. Kwa hiyo waliacha vyumba vya kiasi. Akisimama mbele ya spika kwa pembe anayoijua, noti moja inaendelea kuimba mpaka yeye mwenyewe aamue inyamaze.

Sehemu inayonifurahisha kuliko zote ni ile ya kutikisia noti. Nyuzi za gitaa hili zimefungwa, kwa upande wa chini, kwenye bamba la chuma linaloweza kuinama. Mpigaji akisukuma mpini, bamba linainama, nyuzi zinalegea, sauti inashuka. Akiachia, springi zinalirudisha bamba mahali pake. Magitaa ya kiwandani yalikuwa na chombo hicho tayari, ila yalikuwa na ugonjwa mmoja: ukiachia mpini, nyuzi hazirudi sawasawa pale zilipokuwa, na wimbo unaharibika. Baba na mwana wakakaa wakajiuliza kwa nini. Jibu ni msuguano. Kila mahali ambapo chuma kinasugua chuma, kitu kinakwama kidogo kabla hakijafika. Kosa la upana wa unywele tu kwenye bamba, sikio linalisikia.

Basi wakauwinda msuguano kila ulipojificha. Bamba lenyewe walilikalisha juu ya ukingo wa kisu cha chuma kigumu, kwa hiyo linagusana na gitaa kwenye mstari mwembamba tu na kubembea hapo. Springi mbili zinazoshindana na mvuto wa nyuzi zilitolewa kwenye valvu za pikipiki aina ya Panther ya mwaka 1928. Kwenye daraja, badala ya nyuzi kulala juu ya chuma kisichosogea, Brian alitengeneza vigurudumu vidogo vya chuma, kimoja kwa kila uzi, ili bamba likiinama uzi ubingirike. Upande wa juu, nyuzi zinalala juu ya freti ya ziada na kwenda karibu moja kwa moja hadi kwenye vigingi vya kukazia, bila kona kali ya kung'ang'ania. Mpini wenyewe ni chuma kilichokuwa kikishikilia mkoba nyuma ya tandiko la baiskeli, na ncha yake, pale kidole kinaposhika, ni kipande cha sindano ya mama yake ya kufumia sweta. Mnaona mama alivyochangia mara mbili.

Mtu anaweza kusema walitumia takataka kwa sababu ya umaskini. Fedha kweli hazikuwepo. Inasimuliwa kwamba gitaa zima liligharimu takriban pauni 8. Lakini itazameni springi ya valvu kwa makini. Imetengenezwa ifunguke na kufumba maelfu ya mara kwa dakika bila kuchoka, ikiwa ndani ya injini yenye moto. Chuma cha baiskeli kimepindwa kibebe mzigo barabarani. Kila kitu kilichochaguliwa kilikuwa kimekwisha kuthibitisha kazi inayofanana na ile kiliyopewa. Huko ni kuteua, na kuteua kunataka maarifa.

Kikabaki kinasa sauti. Gitaa la umeme lina sumaku chini ya nyuzi, na sumaku hiyo imezungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitetema juu ya sumaku unazalisha umeme mdogo ndani ya waya, na umeme huo ndio unaokwenda kwenye amplifaya. Brian alinunua sumaku, akazungusha waya mwenyewe, vinasa vikafanya kazi. Halafu kasoro ikajitokeza. Alipousukuma uzi pembeni kuipinda noti, uzi ulitoka juu ya sumaku moja na kuingia juu ya nyingine iliyogeuziwa ncha, na ukasikika mkwaruzo usiopendeza. Kwa mtu ambaye maisha yake yote angepiga kwa kupinda noti, kasoro hiyo isingevumilika. Akaviondoa, akanunua vinasa vitatu vya Uingereza aina ya Burns Tri-Sonic, akavijaza gundi ngumu ndani ili visipige kelele vyenyewe. Nampenda kwa hilo. Mikono iliyotengeneza karibu kila kitu ilikubali kwamba mahali pamoja kazi ya mwingine inafaa zaidi.

Kila kinasa kilipata swichi mbili. Moja inakiwasha na kukizima. Nyingine inageuza mwelekeo wa umeme wake. Vinasa viwili vikielekezwa upande mmoja, sauti zinajumlishana na kuwa nene. Ukikigeuza kimoja, baadhi ya mawimbi yanafutana, na kinachobaki ni sauti nyembamba, kali, ya kupenya. Swichi sita ndogo, na ndani yake sauti tele ambazo gitaa la dukani la wakati ule halikuwa nazo.

Kazi yote ilichukua karibu miaka miwili.

Wakati gitaa likiendelea kuchongwa, mwaka 1964, familia moja kutoka Zanzibar ilihamia Feltham hiyo hiyo, mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka kwa akina May. Walikuwa akina Bulsara, na kijana wao Farrokh alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946. Vijana hao wawili hawakuwa wakijuana. Walikuja kukutana baadaye, na mwaka 1970, pamoja na mpiga ngoma Roger Taylor, wakaanzisha bendi ya Queen. Farrokh alijiita Freddie Mercury. Sauti ya mtoto wa Zanzibar na sauti ya rafu ya mahogani zikaimba pamoja miaka mingi iliyofuata.

Brian hulipiga gitaa lake kwa sarafu, ile ya zamani ya peni sita, badala ya kipande cha plastiki. Ukingo wa sarafu una meno madogo, na ukiupitisha kwa pembe unaongeza mkwaruzo mdogo mwanzoni mwa kila noti. Yeye hupenda kurekodi sauti ya gitaa moja mara nyingi na kuzipanga pamoja, mpaka kinasikika kitu kama kikundi kizima cha wapigaji. Watu hawakuamini. Albamu za mwanzo za Queen ziliandikwa kwenye jalada kwamba hakuna aliyepiga sinthesaiza, kwa sababu wasikilizaji walidhani sauti zile zimetoka kwenye mashine. Naye mpiga besi wao, John Deacon, aliyejiunga mwaka 1971, aliwahi kuokota ubao wa saketi kwenye pipa la taka mjini London, akautia ndani ya sanduku la spika, ukawa amplifaya ndogo. Brian aliitumia kwenye rekodi nyingi. Bendi ile ilikuwa na bahati na vilivyotupwa.

Mzee Harold hakufurahi. Mwanawe alikuwa akisomea uzamivu wa elimu ya nyota, akauacha ili apige muziki. Muelewe uchungu wa mzazi: alimsaidia kutengeneza gitaa, na gitaa likamtoa mwanawe chuoni. Walikaa wakati fulani hawaelewani juu ya jambo hilo. Baadaye Queen walipopiga kwenye ukumbi wa Madison Square Garden, New York, Brian alimsafirisha baba yake kwa ndege ya Concorde, ndege ambayo mzee mwenyewe alishughulika na vyombo vyake kazini. Harold aliuona ukumbi ulivyojaa, akamwambia mwanawe kwamba sasa amemwelewa. Na uzamivu? Brian aliurudia akiwa mtu mzima, akahitimu mwaka 2007, kwa utafiti wa vumbi lililoko kati ya sayari.

Mwaka 2002, Malkia Elizabeth alipoadhimisha miaka 50 ya utawala, Brian alisimama juu ya paa la kasri la Buckingham akapiga wimbo wa taifa kwa gitaa lile lile. Kabla ya hapo lilikuwa limepigwa mpaka likachakaa. Fundi wa Australia, Greg Fryer, alilikarabati mwaka 1998 baada ya kuwa amekwisha kutengeneza nakala zake tatu kwa kupima kila kiungo cha lile la asili.

Lakini si kila mpigaji ana mikono ya fundi, wala baba mhandisi. Wengi humwendea mtu mwingine na kumweleza wanachokisikia kichwani. Nawatajia mmoja wa mafundi hao, Linda Manzer wa Kanada. Yeye naye aliingia ufundini kwa sababu ya bei. Alimwona mwimbaji Joni Mitchell akipiga dalsima, ala ndogo ya nyuzi inayowekwa mapajani, akaitamani, akaenda dukani akakuta ni ghali. Akaondoka na vipande vya kuungwa nyumbani, vilivyokuwa nafuu. Baada ya kuviunga hakutaka tena kazi nyingine. Akajifunza kwa fundi Jean Larrivée mjini Toronto, na baadaye kwa James D'Aquisto, bingwa wa magitaa ya jazi huko New York.

Mpigaji jazi wa Marekani, Pat Metheny, alikuwa mteja wake. Siku moja alimwomba gitaa lenye nyuzi nyingi kadiri itakavyowezekana. Fikirini umepewa agizo la namna hiyo! Kila uzi unaoongeza unaongeza mvuto, na mbao ya uso wa gitaa lazima iwe nyembamba ili itetemeke na kutoa sauti. Ikiwa nene inakuwa bubu. Ikiwa nyembamba sana inavunjika. Manzer alihangaika na agizo hilo miaka miwili, na mwaka 1984 akamkabidhi gitaa lenye nyuzi 42 na shingo nne, nyuzi zikikatizana juu ya mwili pande zote. Mvuto wake kwa jumla unakaribia nusu tani. Umbo lake liliwakumbusha watu picha za mchoraji Picasso, likaitwa Pikasso.

Mimi huvutiwa zaidi na jambo dogo alilobuni kwa ajili ya gitaa hilo. Mpigaji alipaswa kuziona nyuzi zote hizo, na mkono wake wa kulia upite juu ya mwili mpana bila bega kuinuka. Manzer akaufanya mwili uwe mwembamba upande wa juu, unaokaa chini ya mkono, na mnene upande wa chini, unaokaa pajani. Ukilishika, uso wa gitaa unainama kidogo kukuelekea wewe. Unaona vizuri, mkono unashuka vizuri, na nafasi ya hewa ndani haikupungua, kwa kuwa kilichopunguzwa juu kimeongezwa chini. Mafundi wengi duniani wameiga mtindo huo kwa ajili ya wateja wenye mabega yanayouma au vifua vidogo. Ulianza kwa mtu mmoja na tatizo moja.

Ukimtembelea fundi wa kiwango hicho utamkuta akigonga mbao. Anaishika kwa vidole viwili karibu na ukingo, anaigonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza mlio unakaa muda gani kabla haujafa. Na moja ya mbao ambazo mafundi wa mbali huziheshimu ni mpingo wetu. Watu huufahamu zaidi kwa vinyago vya Wamakonde na kwa klarineti, lakini wapo wanaoutumia kwa migongo ya magitaa na kwa bapa la mbele ya shingo. Ni mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama, na ukigongwa unalia kama chuma. Hukua polepole mno, miongo na miongo, kwa hiyo kila gogo linalotoka Kilwa au Tunduru lina deni la umri kwa msitu lilikotoka.

Tena nyinyi hamhitaji kwenda mbali kumwona mpigaji aliyejitengenezea ala. Nendeni Ugogo mkamtazame mtu na zeze lake: kibuyu, kijiti, nyuzi na uta. Marehemu Hukwe Zawose alilitoa zeze hilo Dodoma akalifikisha kwenye majukwaa ya Ulaya na Marekani. Wapigaji wengi wa zeze huchagua kibuyu wenyewe, na kibuyu hakina saizi ya kiwandani. Mtu hukigonga na kukiegemeza mwilini kabla ya kukata shauri.

Sasa wale mnaotaka kujaribu, shikeni penseli, niwape hesabu ya freti. Amua urefu wa uzi wako. Tuseme sentimita 60. Gawanya kwa 17.817, unapata 3.37. Freti ya kwanza inakaa sentimita 3.37 kutoka mwanzo wa shingo. Uzi uliobaki ni 56.63, ugawanye tena kwa namba ile ile, unapata 3.18, na hiyo ndiyo nafasi kati ya freti ya kwanza na ya pili. Endelea hivyo, kila mara ukigawanya kilichobaki. Ukifika freti ya 12 lazima uwe umebaki na sentimita 30 kamili, nusu ya uzi, kwa sababu nusu ya uzi hutoa noti ile ile oktava moja juu. Ukikuta 29 au 31, pitia mahesabu upya kabla hujagusa msumeno. Na kabla hata ya penseli, fumba mkono wako wa kushoto kwenye mpini wa jembe, kisha kwenye mpini wa ufagio, uandike ni upi ulioujaza mkono wako vizuri. Huo ndio unene wa kuanzia.